Mteremko wa Bugarama na Joto la Breki

Baiskeli ya kazi inayotumika Bujumbura, ambayo kwa Kirundi huitwa ikinga, kwa kawaida ni ile ya chuma yenye gia moja, magurudumu makubwa na keria imara nyuma. Katika mitaa ya bondeni kama Buyenzi, ambako Kiswahili ni lugha ya sokoni na ya nyumbani, na kwenye barabara tambarare iendayo Gatumba, chombo hiki humbeba mama na mwanawe, madumu ya maji au gunia la mkaa bila kumchosha sana mwendeshaji, kwa kuwa pasipo na mwinuko mzigo hauinuliwi, bali husukumwa tu dhidi ya msuguano wa matairi na ukinzani wa hewa. Uhaba wa mafuta wa miaka ya karibuni umeizidishia thamani, ingawa mwezi Machi 2022 mamlaka ziliziondoa baiskeli katikati ya jiji, pamoja na pikipiki za abiria na bajaji.

Hesabu hubadilika kwenye Barabara ya Taifa namba 1, inayopanda kutoka Ziwa Tanganyika, lililo mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, hadi Bugarama, kwenye mita zipatazo 2,200. Ikiwa mwendeshaji, baiskeli na shehena ya ndizi vina jumla ya kilo 170, basi huko juu vina nishati ya kimo, yaani ile ambayo kitu huwa nayo kwa sababu tu kimeinuliwa, ya karibu jouli milioni 2.4, inayotosha kuchemsha lita 7 za maji. Miguu itoayo wati 75 ingehitaji karibu saa 9 mfululizo kuupandisha mzigo huo, na hata baiskeli tupu ingedai zaidi ya saa 4. Ndiyo maana wengi, kwa hatari kubwa, hupanda wakiwa wameshikilia nyuma ya malori.

Wakati wa kushuka, nishati hiyo yote hugeuka joto, na hapa pana kinaya: kwa kuwa ukinzani wa hewa hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo, anayekimbia huiachia hewa sehemu kubwa ya kazi, ilhali anayejihadhari huzibebesha breki zake karibu joto lote. Breki hizo ni vipande vya mpira vinavyobana ringi ya chuma, na ringi ikilowa mvua, mshiko hupungua mno. Breki ya ngoma, iliyofichwa ndani ya kitovu cha gurudumu, hailowi kwa urahisi, lakini kwenye mteremko mrefu nayo hupata moto na kulegea. Kwa familia ya Buyenzi inatosha kabisa, ila mbeba ndizi wa Bugarama angehitaji aina zote mbili, azitumie kwa zamu.