Shasi ya motokari ya zamani: kuiponyesha ao kuibadilisha?

Mutu anayejua kununua Land Rover ya zamani haangalii rangi kwanza. Anapiga magoti, anachukua nyundo ndogo na kugonga shasi pole pole, kuanzia mbele mpaka nyuma. Chuma kikilia, kiko kizima. Sauti ikiwa nzito, ao nyundo ikizama ndani, hapo kunazaliwa swali lenye kugawanya wapenda motokari za zamani: kuponyesha shasi ileile ao kuweka ingine?

Sababu iko katika historia ya motokari yenyewe. Land Rover ilionyeshwa watu mara ya kwanza Amsterdam, mwezi wa 4 mwaka 1948, wakati Uingereza ilikuwa na upungufu wa chuma kisha vita. Karoseri ikatengenezwa kwa alumini. Shasi ikabakia ya chuma: mabati mazito manne yaliyochomelewa pamoja kama sanduku refu lenye uwazi ndani. Maji na matope vinaingia mule na kula chuma toka ndani, pahali macho hayafiki. Ndiyo maana motokari inaweza kungaa juu, kumbe chini imeoza. Kutu inapenda zaidi sehemu ya nyuma kabisa, na pahali resori zinashikamana na shasi.

Wenye kutetea shasi ya zamani wanasema ndiyo motokari yenyewe. Vingine vyote ni vipuri. Kama kuoza ni pahali pamoja ao pawili, wana haki: fundi anakata kibovu, anachomelea chuma kipya, kazi imeisha. Mambo yanaharibika wakati kiraka kinawekwa juu ya kiraka. Chuma kinene kikichomelewa juu ya chuma chembamba, kinapasuka pembeni. Na mutu akikata bila kupima na bila kufunga vyuma vya kushikilia, shasi inaweza kupinda. Kisha milango inakataa kufunga, na motokari inavuta upande mumoja katika barabara.

Kwa wenye kuchagua mupya, kule Uingereza kuna watengenezaji kama Richards Chassis na Marsland. Shasi yao inazamishwa katika zinki iliyoyeyushwa, yenye moto wa digri 450 hivi, na zinki inafika mpaka ndani ya lile sanduku. Kununua ndiyo kazi nyepesi. Kazi nzito ni maboloni: karoseri, moteri, buati ya vitesi, ponti, direksio, vyote vinatoka na kurudi, na maboloni yenye kutu yanakatika moja kisha lingine. Mutu anayeanza akifikiri ni kazi ya wiki moja, kwa kawaida amejidanganya.

Lakini swali lenye kuogopesha zaidi si la fundi, ni la makaratasi. Namba ya motokari imepigwa katika chuma cha shasi. Shasi ikienda, namba inaenda nayo. Kwa miaka mingi, ofisi ya Uingereza inayoandikisha magari, DVLA, ilitumia hesabu ya alama kwa motokari zilizobadilishwa sana: shasi 5, resori 2, ponti 2, buati ya vitesi 2, direksio 2, na moteri 1 tu. Ili kubakia na plake yake, motokari ilipaswa kufikisha alama 8, na shasi iwe ya mwanzo ao mupya kabisa. Shasi iliyotolewa kwa motokari ingine haikuhesabiwa. Kwa hiyo risiti ya shasi mupya ina bei kama shasi yenyewe.

Tribinali nayo imekwisha kuamua juu ya jambo hili. Bentley Speed Six inayoitwa Old Number One ilishinda mashindano ya Le Mans mwaka 1929 na 1930. Kisha ikabadilishwa mara nyingi, shasi na moteri pia. Mwaka 1990, kampuni moja iliyokubali kuinunua, kwa bei ya karibu pauni milioni 10, ilikataa kulipa, ikisema si motokari ileile. Jaji Otton aliona kama vipande vichache sana vya mwaka 1930 ndivyo vilibakia. Hata hivyo akaamua kama ni Old Number One ya kweli: haikuvunjwa hata siku moja, iligeuka pole pole, na hakuna motokari ingine iliyoweza kudai jina hilo. Mununuzi akashindwa.

Land Rover ya shamba si Bentley ya milioni 10, lakini sababu ya jaji inafanya kazi pia Goma, Bukavu ao Butembo, ambako Land Rover na Land Cruiser za zamani zingali zinabeba watu na mizigo. Mununuzi analinganisha namba ya shasi na ile ya karte rozi. Akiona chuma kimechomelewa karibu na namba, anafikiri wizi mbele ya kufikiri kutu, na bei inaanguka palepale. Mwenye motokari aliyepiga picha mbele ya kukata, akatunza risiti, na kuonyesha ofisi ya kuandikisha mbele ya kubadilisha, ana kitu cha kujibu.

Shasi ya zamani nayo isiachwe nyuma ya garaji. Kule Uingereza, wengi wanaikatakata vipande, maana namba ingali juu yake, na mutu mwingine anaweza kujenga motokari ya pili yenye namba ileile.