Mawimbi ya Simu: Kipimo cha Mfanyakazi ni Kipi?



Karibu kila mkutano wa tawi siku hizi huishia kwenye swali la simu. Mmoja husema mnara uliojengwa juu ya kilima cha shamba unaleta kansa kambini. Mwingine humcheka na kusema huo ni uvumi. Sisi tunasema swali ni la haki na lina jibu, ila jibu lenyewe linatupeleka mahali ambapo wengi hawakupatazamia: juu ya paa la kiwanda, na mbele ya mashine tunazoziendesha kila siku.

Simu huzungumza na mnara kwa mawimbi ya redio, ndugu wa yale yanayotuletea taarifa ya habari. Hayana nguvu ya kuvunja chembe za mwili kama mionzi ya eksirei. Yakiwa makali, yanachofanya ni kupasha mwili joto. Ukali huo hupimwa kwa wati zinazoingia katika kila kilo ya mwili. Tume ya kimataifa ya wataalamu wa mionzi ya namna hii ilitoa mwongozo mwaka 1998 na kuurekebisha mwaka 2020. Ilianza na wati 4 kwa kilo, kiasi kinachoweza kupandisha joto la mwili mzima kwa digrii 1 hivi. Kwa raia wa kawaida ikakigawanya kiasi hicho kwa 50, ikapata wati 0.08. Kwa mfanyakazi aliye kazini ikagawanya kwa 10 tu, ikapata wati 0.4. Kichwani, ambako simu hushikwa, raia amewekewa wati 2, na mfanyakazi 10.

Hapo tusimame kidogo. Mfanyakazi anaruhusiwa kupata mara 5 ya anachopata raia. Je, mwili wake ni wa chuma? La. Sababu iliyotolewa ni kwamba raia anaweza kuwa mtoto, mzee au mgonjwa, tena hajui kama kuna mawimbi. Lakini mfanyakazi ni mtu mzima aliyefundishwa, anayejua hatari iko wapi na jinsi ya kuikwepa. Basi kama mwajiri hajakufundisha lo lote, hana haki ya kukupimia kwa kipimo kile kikubwa. Mbele ya mawimbi hayo wewe ni raia, na kipimo chako ni kile kidogo. Viongozi wa matawi walishike neno hili wanapokwenda kuzungumza na meneja.

Sasa ule mnara. Antena hutupa mawimbi mbele yake, kama tochi, si miguuni pake. Na nguvu hupungua upesi: ukiwa mbali mara 2, inabaki robo. Kwa hiyo mchuma chai aliye chini ya kilima, na watoto wa kambini, kwa kawaida hupata kiasi kidogo sana, chini mno ya kikomo. Simu iliyo sikioni humpa mtu mawimbi zaidi kuliko mnara ule. Aliye hatarini ni yule anayepandishwa juu kupaka rangi tangi la maji, kuziba paa au kukata matawi, mahali ambapo kampuni ya simu imekodi nafasi na kufunga antena zake. Mita chache mbele ya antena kikomo kinaweza kupitwa, na hutasikia sauti wala harufu. Kodi ya antena huingia ofisini. Anayepanda ngazi ni kibarua wa siku. Asipande mpaka antena zizimwe, na habari ya kuzimwa itoke kwa kampuni ya simu kwa maandishi, si kwa nyapara kwa mdomo.

Iko hatari nyingine isiyotajwa mikutanoni. Katika viwanda vya maturubai, makoti ya mvua na mifuko ya plastiki nene kuna mashine zinazounganisha plastiki kwa mawimbi ya redio badala ya pasi ya moto. Waendeshaji wa mashine hizo ni miongoni mwa wafanyakazi wanaopata mawimbi mengi kupita wote. Mawimbi yake hupenya ndani ya nyama, chini ya ngozi ambako hisia za joto ni chache, hivyo maumivu si mlinzi wa kutegemewa. Mashine inatakiwa iwe na kizuizi cha bati kuzunguka sehemu inayobana plastiki. Mara nyingi fundi hukiondoa ili kazi iende upesi, na hakirudi tena. Kirudishwe.

Kuhusu kansa, tuseme yanayojulikana. Mwaka 2011 idara ya utafiti wa kansa ya Shirika la Afya Duniani iliyaweka mawimbi haya katika kundi la vitu ambavyo huenda vikaleta kansa, kwa ushahidi mdogo. Mwaka 2024 uchunguzi mkubwa ulioagizwa na Shirika hilo, uliokusanya tafiti za miaka mingi, haukuona uhusiano kati ya kutumia simu na kansa ya ubongo. Anayetaka kupunguza mawimbi hata hivyo asizungumze muda mrefu bondeni ambako mnara haushiki vizuri, maana hapo simu hujikaza na kutoa nguvu zaidi; au atumie waya wa masikioni.

Hapa Uganda Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 humtaka mwajiri awape wafanyakazi maelezo na mafunzo juu ya hatari za kazi yao. Tawi liombe kwa barua vipimo vya mashine na vya paa, na lihifadhi nakala.

Na jambo moja kwa dada zetu. Mwongozo wa mwaka 2020 humhesabu mtoto aliye tumboni kuwa raia, hata kama mama yake yuko kazini. Mwenye mimba basi hapimiwi kwa kipimo cha mfanyakazi. Akiwa kwenye mashine ya kuunganisha plastiki na kipimo chake hakijulikani, aombe kuhamishiwa kazi nyingine, na tawi lisimame naye ili mshahara wake usiguswe.