Juu ya Istilahi "Kigeu Kisichotiwa Thamani"

Mfasiri wa elimu ya kompyuta aweza kushawishika kusema "kigeu kitupu" au "kigeu kisichoanzishwa". Katika makala haya nakusudia kuonyesha kwamba majina yote mawili yana kasoro.

Katika lugha ya C, iliyotumika kuandikia sehemu kubwa ya kiini cha Linux, mwandishi wa programu hutenga nafasi katika kumbukumbu na kuipa jina. Nafasi hiyo ndiyo kigeu. Kigeu cha muda kikitengwa pasipo kutiwa thamani, hakiwi kitupu: huweza kubaki na masalio ya kazi iliyotangulia, mfano wa mtungi uliotumiwa ukaachwa na mashapo yake. Wala hakikosi kuanzishwa, kwa kuwa kimekwisha kuwapo. Kilichokosekana ni thamani. Kitenzi "tia" chafaa zaidi, maana chadai chombo na kitu cha kutiwa chomboni.

Jambo hili si la maneno matupu. Tuchukue kiendeshi, yaani programu inayosimamia chombo, tuseme kipimajoto. Kiendeshi hukiomba chombo kipimo, na kipimo hutiwa katika kigeu. Mawasiliano yakikatika, hakitiwi kitu. Na programu isiyochungua kama ombi lilifaulu itasoma mashapo na kuyatangaza kuwa ndiyo joto. Mashapo hayo hubadilika mara kwa mara, na kwa sababu hiyo kosa ni gumu kulinasa.

Kikusanyaji, yaani programu inayogeuza maandishi kuwa amri za mashine, mara nyingi huonya. Mwenye haraka hutia sifuri mwanzoni, na onyo hunyamaza. Lakini sifuri nayo ni jibu. Katika kiini cha Linux, kurudisha sifuri kwa kawaida ni kusema kwamba kazi imefaulu. Basi kazi isiyotendeka huripotiwa kuwa imetendeka. Palikuwapo hata kifupisho maalumu cha kunyamazisha onyo hilo, nacho kiliondolewa mwaka 2020 kwa kuwa kiliweza kuficha makosa ya kweli.

Dawa yake ni kuchungua kwanza jibu la ombi, na likishindwa kurudisha ishara ya kosa. Sifuri itiwe pale tu ambapo sifuri ndiyo thamani iliyokusudiwa. Mwanafunzi aliyefundishwa "kigeu kitupu" ataona sifuri haidhuru. Aliyefundishwa "kisichotiwa thamani" atauliza ni nani aliyepaswa kuitia, na kwa nini hakuitia.