Viza ya Kazi Ipimwe kwa Siku ya Kuacha Kazi

Anayetafuta kazi ng'ambo huanza na maswali matatu: viza ipi hutoka haraka, inagharimu kiasi gani, na mshahara wake ukibadilishwa kwa shilingi unafika wapi. Ni maswali ya haki, na mawakala wameyazoea hata majibu yake yamekaa tayari ulimini. La nne huulizwa kwa nadra: nikifukuzwa, au nikiondoka mwenyewe kwa sababu silipwi, kesho yake nitakuwa na hadhi gani mbele ya sheria ya nchi hiyo? Kwa maoni yangu hilo la nne ndilo lingetangulia. Majina ya viza ni mengi na hubadilika kila serikali inapobadilika, lakini chini ya majina hayo yote kuna jambo moja la kupima, nalo ni kama haki ya kukaa nchini imefungwa kwenye jina la mwajiri mmoja au imeandikwa kwa jina la mfanyakazi. Viza nyingi ziko kati ya ncha hizo mbili, na mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake.

Mfano ulio karibu zaidi nasi ni wa Ghuba, waendako wafanyakazi wengi wa ndani kutoka Kenya, Uganda na Tanzania. Katika mfumo wa kafala, kafili, yaani mwajiri mdhamini, ndiye anayemwombea mfanyakazi kibali cha ukaazi na ndiye anayekihuisha. Akitaka, anaweza pia kutoa taarifa kwamba mfanyakazi wake ametoroka. Taarifa hiyo moja humgeuza mtu anayedai mshahara wa miezi mitatu kuwa mkosaji wa uhamiaji, na hapo madai ya mshahara huwa magumu hata kuanza, kwa kuwa mdai anaogopa kukamatwa akifika kituoni. Kenya ilisimamisha upelekaji wa wafanyakazi Ghuba mwaka 2014, na Uganda ikawazuia wafanyakazi wa ndani mwaka 2016. Marufuku zote mbili ziliondolewa baadaye, na hazingeweza kuigusa kafala yenyewe, ambayo ni sheria ya nchi ya mwajiri. Kilichobadilisha mambo, pale yalipobadilika, ni sheria za huko. Qatar mwaka 2020 iliondoa sharti la mfanyakazi kupata ridhaa ya mwajiri ili ahamie kazi nyingine, na wafanyakazi wa ndani wakahesabiwa humo. Saudi Arabia ilileta mageuzi ya namna hiyo Machi 2021, ila ikawaacha nje wafanyakazi wa ndani, madereva wa nyumbani, watunza bustani na wachungaji, yaani hasa zile kazi ambazo watu wetu wengi hupelekwa kufanya. Nchi hizo ni majirani, na kazi ni ileile ya kufua, kupika na kulea watoto. Anayelinganisha mishahara yao tu hataiona tofauti hiyo.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kulaumu Waarabu, kama inavyofanyika kwenye redio kila maiti inaporejeshwa nyumbani. Uingereza nayo inafunga kamba, ingawa kwa adabu zaidi. Februari 2022 ilifungua viza ya afya na ulezi kwa walezi wa wazee na wagonjwa, na watu kutoka Zimbabwe, Nigeria, India na hata kwetu wakaingia kwa wingi. Viza hiyo ilitegemea cheti cha udhamini kutoka kwa mwajiri mwenye leseni. Kati ya Julai 2022 na Desemba 2024 serikali ilifuta leseni zaidi ya 470 katika sekta hiyo, nyingine kwa sababu kazi zilizoahidiwa hazikuwepo, na wafanyakazi zaidi ya 39,000 walikuwa chini ya waajiri hao. Aliyefutiwa leseni ni mwajiri, lakini aliyepewa siku 60 za kutafuta mdhamini mwingine au kuondoka ni mlezi, ambaye huenda aliuza shamba ili kumlipa wakala. Machi 2024 walezi wapya walizuiwa kwenda na wake, waume na watoto, na Julai 2025 mlango wenyewe ukafungwa kwa waombaji walio nje ya nchi. Marekani nako mwenye viza ya H-1B akipoteza kazi hupewa hadi siku 60. Viza hizo hazizidi 85,000 kwa mwaka kwa kampuni za kawaida, hugawiwa kwa bahati nasibu, na tangu Septemba 2025 mwajiri anayemwita mtu mpya kutoka nje anadaiwa dola 100,000.

Kanada inatoa ushahidi wa aina nyingine. Mwaka 2019 ilianzisha kibali huru kwa mfanyakazi wa kigeni anayeonyesha kwamba mwajiri aliyeandikwa kwenye kibali chake anamnyanyasa, ili aweze kuhama bila kupoteza ukaazi. Serikali haitungi dawa ya ugonjwa usiokuwepo. Kwa kuanzisha kibali hicho ilikiri kwamba kumfunga mtu kwa mwajiri mmoja huzaa unyanyasaji hata katika nchi yenye mahakama nzuri na vyama vya wafanyakazi vyenye nguvu.

Ujerumani ndiyo inayostahili kuangaliwa kwa makini sasa, si kwa sababu ya mkataba wa uhamiaji uliotiwa saini na Kenya mjini Berlin, Septemba 2024, wala uvumi wa ajira 250,000 uliofuatia, ambao Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani iliukanusha mara moja. Sababu ni jinsi vibali vyake vilivyoundwa. Tangu Juni 2024 mtu mwenye shahada, au mafunzo ya ufundi ya miaka miwili yanayotambuliwa na nchi yake, anaweza kuomba Chancenkarte, yaani kadi ya fursa. Huhesabiwa alama kwa umri, lugha, uzoefu na mengineyo, akifikisha sita huingia kutafuta kazi kwa mwaka mmoja, na wakati huo anaruhusiwa kufanya kibarua saa 20 kwa wiki. Huhitaji mwajiri ndipo uingie. Unamtafuta ukiwa hukohuko, unamwona kwa macho, na usipompenda unaondoka. Msomi mwenye Kadi ya Buluu ya Ulaya, kibali cha kazi za kitaalamu, akipoteza kazi hanyang'anywi kibali papo hapo. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2021 inampa miezi mitatu, au sita kama ameshika kadi hiyo miaka miwili. Na baada ya miezi 27, au 21 kwa anayejua Kijerumani vizuri zaidi, anaweza kuomba ukaazi wa kudumu, ambao haumtegemei mwajiri yeyote.

Pingamizi la kwanza najua litatoka kwa wenye hali ngumu, na ni zito: hayo ni ya wenye nacho. Chancenkarte inataka uthibitisho wa euro 1,091 kwa kila mwezi, kwa kiwango cha mwaka 2025, yaani takriban euro 13,000 kwa mwaka, ilhali kafili hulipa viza na tiketi. Ni kweli, na sitajaribu kuipunguza tofauti hiyo. Lakini machaguo si hayo mawili tu. Mafunzo ya ufundi ya Ujerumani, yale ya kusoma huku ukilipwa katika uuguzi, umeme au hoteli, kwa kawaida yanadai Kijerumani cha ngazi ya B1 kuliko fedha, na mtu akiachishwa bila kosa lake sheria inaweza kumpa hadi miezi sita atafute nafasi nyingine. Kozi za lugha hiyo zinafundishwa katika taasisi ya Goethe-Institut, Nairobi na Dar es Salaam. Gharama yake kubwa ni muda, mwaka mmoja au zaidi. Na kwa asiye na muda huo, hata ndani ya Ghuba kuna kuchagua: kazi ya hoteli au kampuni ya usafi huko Saudi Arabia iko chini ya sheria ya kazi na ya mageuzi ya 2021, ya nyumbani haimo. Mshahara ukiwa sawa, au hata ukipungua kidogo, ningemshauri mtu achukue ya hoteli.

Wengine watasema sheria za Qatar ni za karatasini, mfanyakazi wa ndani aliyefungiwa mlango hana habari nazo. Huenda. Lakini ofisa wa ubalozi anayebisha mlango huo akiwa na kifungu cha sheria mkononi anadai. Asipokuwa nacho anaomba. Waajiri nao wana hoja yao: wametumia fedha kumleta mtu, wanastahili uhakika kwamba hatakimbilia kwa mshindani baada ya wiki mbili. Hoja hiyo ina haki yake, ila inalindwa vya kutosha na kipindi cha notisi katika mkataba, kama inavyolindwa kwa mfanyakazi mwenyeji. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, ulishaweka msingi kwamba wakala asimtoze mtafuta kazi. Gharama za ajira ni za biashara. Mwajiri anayezirudisha kwa kumiliki ukaazi wa mtu anajilipa kwa kitu ambacho hakukinunua.

Onyo moja kuhusu kile kinachoitwa viza huru huko Ghuba, kwa kuwa msomaji aliyenifuata hadi hapa anaweza kudhani ndiyo ninayoisifu. Viza hiyo ni kibali cha kawaida cha kafala ambacho kafili amekiuza kwa anayetaka kufanya kazi kwingine. Kwenye karatasi mfanyakazi ni wa kafili huyo, na akikutwa kwingine amevunja sheria, na kafili anaweza kurudi kila mwaka kudai malipo mapya. Viza ya matembezi ya Dubai nayo haina mwajiri kabisa, wala haki ya kufanya kazi. Kabla ya kumlipa wakala yeyote, inafaa kumwomba ukurasa wa mkataba unaoeleza jinsi ajira inavyovunjwa: notisi ni siku ngapi, tiketi ya kurudi inalipwa na nani, pasipoti inakaa kwa nani. Anayetajiwa mwajiri wa Uingereza anaweza pia kutafuta jina hilo katika orodha ya wadhamini ambayo serikali huiweka wazi mtandaoni, akikumbuka kwamba wale zaidi ya 470 nao walikuwemo humo.