Kuingia na Kusoma: Maneno Mawili ya Ubadilishaji wa Prosesa

Toka Makambako, penye njia kuu iendayo Zambia na reli ya TAZARA, hata Njombe ni mwendo wa kilometa 60 hivi. Mwenye kompyuta kuukuu ya mezani huko Njombe akiagiza prosesa kutoka mbali, kosa la uchaguzi humtia hasara ya kipuri na ya nauli pia. Yafaa basi kupambanua maneno mawili ya mafundi: kuingia na kusoma.

Kuingia ni jambo la umbo. Soketi ya LGA 775 ya Intel, iliyotolewa mwaka 2004, ina pini 775. AM2 ya AMD, ya mwaka 2006, ina matundu 940. Prosesa ya moja haiingii katika nyingine.

Kusoma ni jambo la kutambuliwa. Core 2 Duo ya mwaka 2006 huingia katika LGA 775 kama Pentium 4, lakini ubao mama wenye chipseti ya 915, ya mwaka 2004, hauisomi. Hapo fundi husema, “Imeingia, lakini haisomi.” Sarufi ingetazamia “haisomwi”, maana msomaji ni ubao, hata hivyo usemi huu umeenea, nao wastahili kuingizwa katika kamusi.

Kwa hiyo, kabla ya kununua, hapana budi kutazama jina la ubao na orodha ya prosesa ambazo mtengenezaji wake amezikubali. Ikiwa orodha yadai BIOS mpya, na iwekwe wakati prosesa ya zamani ingali mahali pake. Joto nalo lisisahauliwe: Core 2 Duo E6600 imekadiriwa wati 65, bali Core 2 Quad Q6600 ya kwanza wati 105, feni iliyoitosha ile yaweza kushindwa na hii.

Kisha umeme hukatwa, fundi hugusa chuma cha kasha, feni huondolewa na pesti ya zamani hufutwa. Wenzo wa soketi hufunguliwa, alama za pembeni hulinganishwa, na prosesa hulazwa bila kukandamizwa. Pesti mpya, kadiri ya punje ya mchele, yatosha. Ndipo feni hurudishwa na waya wake kuchomekwa.

Istilahi sanifu ya prosesa ni kichakataji, kutokana na kuchakata, neno lijulikanalo tangu zamani katika mashamba ya mkonge. Lakini kichakataji kisichosoma hakichakati kitu.