Kuwajengea Waliokumbwa na Mafuriko Tana: Yafaayo Kuulizwa Kabla ya Kupanda Lori



Kila mto Tana unapofurika, vikundi vyetu huchangishana. Mara magunia ya mahindi, mara mablanketi. Siku hizi vikundi vingine vinataka kwenda vyenyewe, kujenga upya nyumba zilizobomoka. Ni jambo jema na sitaki kumvunja mtu moyo. Lakini nimewahi kwenda na kundi la namna hiyo, na yako mambo tuliyokosea. Heri niyaeleze.

Ilikuwa mwaka wa 2018, baada ya zile mvua za masika zilizowahamisha watu zaidi ya 300,000 katika Kenya nzima. Tulitoka bara watu 22, tukiwa na nyundo, misumari na mabati, tukafika kijiji kimoja cha Wapokomo upande wa Garsen. Siku ya kwanza tulipokewa kwa nyimbo. Siku ya pili, saa mbili asubuhi, tumeshika majembe tayari, kijijini hakuna mtu isipokuwa wazee na watoto. Siku ya tatu vivyo hivyo. Vijana wetu wakaanza kunung'unika: "Ati tumetoka huko kote kuwajengea, na wenyewe wameenda kutembea!" Hata mimi, nakiri, neno uvivu lilinifika mdomoni.

Bibi mmoja aliyebaki na wajukuu ndiye aliyetufungua macho. Akasema, "Mwanangu, maji yametoka juzi tu. Tope likikauka kabla mbegu haijaingia, tutalala na njaa ndani ya hizo nyumba zenu nzuri."

Kumbe! Hapa lazima tuuelewe mto wenyewe. Tana unaanzia Mlima Kenya na milima ya Aberdare, unapita kwenye mabwawa ya umeme, halafu unateremka nchi kavu hadi kuingia baharini Kipini. Mvua ikinyesha sana huko juu na bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka wa 1981, likajaa hadi kumwaga, maji hayo huchukua siku kadhaa kufika delta. Yanaweza kufika na huku hakujanyesha hata tone. Yanaharibu, ndiyo. Lakini yakitoka yanaacha tope lenye rutuba na unyevu, na Wapokomo tangu zamani hupanda mpunga, mahindi na kunde kwenye tope hilo. Nafasi yenyewe ni majuma machache tu. Sisi tulikuwa tumefika katikati ya majuma hayo.

Basi tukaweka nyundo chini siku nne, tukaenda shambani pamoja nao. Walitucheka sana jinsi tulivyokuwa tukizama matopeni. Baada ya hapo wakaja wote kujenga, na kazi ilikwenda mbio kuliko tulivyopanga. Wakamba wana mwethya, Wakikuyu wana ngwatio, na kila mmoja wetu anajua kwamba kazi ya pamoja ina zamu: leo kwako, kesho kwangu. Sisi tulitaka zamu yetu iwe ya kwanza bila kuuliza.

Sasa nyumba yenyewe. Nyumba ya miti na udongo si nyumba duni, msije mkaidharau. Maji yakiingia, udongo huyeyuka, lakini nguzo zikiwa zimechimbiwa vizuri hubaki zimesimama, na kukandika upya ni kazi ya siku chache. Kinachosaidia ni kuinua sakafu kwa kifusi kilichoshindiliwa, futi mbili hivi kama inawezekana, na kuacha paa litokeze nje ili mvua isipige ukuta. Udongo wa kwanza uachwe ukauke na kupasuka kabla ya kukandika mara ya pili. Miti ya mikoko hudumu, mchwa haiwezi kwa urahisi, lakini haikatwi ovyo. Nunueni kwa mwenye kibali cha Huduma ya Misitu, tena msisitize muone kibali chenyewe.

Kwa Waorma, ambao ni wafugaji, jambo ni tofauti kabisa. Nyumba yao ya mviringo, ya fito na nyasi, hujengwa na wanawake, na ni mali ya mama. Vijana wetu walipokwenda na misumari kwenye kijiji chao jirani, akina mama waliwatazama tu. Mmoja akauliza kwa upole kama huko kwetu wanaume hujengea wake za watu nyumba. Tuliishia kubeba fito na kuteka maji, na hiyo ndiyo kazi iliyokuwa inatakiwa.

Mtauliza, kwa nini tulikwenda vijiji vyote viwili? Kwa sababu ya yaliyotokea mwaka wa 2012. Wapokomo na Waorma walipigana kwa ajili ya malisho, maji na mashamba, zaidi ya watu 100 wakauawa na nyumba nyingi zikachomwa. Mahali kama hapo, lori likishusha mabati upande mmoja tu, mwajenga nyumba na mwabomoa ujirani. Hilo angalau tuliambiwa mapema, na wazee wa pande zote mbili.

Ambalo hatukuambiwa, kwa sababu hatukuuliza, ni habari ya ardhi. Tulimjengea mama mmoja mjane nyumba ya vyumba viwili, mabati yanang'aa. Hakukupita mwaka, shemeji yake akarudi akidai kiwanja ni cha ukoo na nyumba ni ya marehemu ndugu yake. Wakati ilipokuwa kibanda cha makuti yaliyooza hakuna aliyeitaka. Mabati yetu ndiyo yaliyoleta tamaa. Mama alihamia kwa binti yake na watoto watatu. Jambo hili limenikosesha usingizi mara nyingi.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 60, inataka ubaguzi wa wanawake katika mila za ardhi uondolewe, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 nayo inakataza ubaguzi huo. Lakini sheria iko Nairobi na shemeji yuko mlangoni. Kwa hivyo kabla ya kuchimba shimo la nguzo ya kwanza, wakalishwe wazee wa ukoo, naibu wa chifu na mama mwenyewe, na iandikwe wazi nyumba ni ya nani na atakaa hadi lini. Kila mmoja aweke sahihi au dole gumba. Nakala moja abaki nayo mama.

Mwezi mmoja kabla ya safari, tumeni watu wawili wakatangulie, na mmoja awe mwanamke. Wakae siku tatu, waulize msimu wa kupanda ni lini, maji ya mwisho yalifika wapi, fundi wa pale analipwa kiasi gani. Nauli yao itoke kwenye mfuko wa mabati. Bati mbili tatu zitapungua, na mweka hazina atalalamika. Mwacheni alalamike.