Ardhi Iliyopumzishwa Kwato

Mvua za kwanza zikinyesha kwenye uwanda mtupu wa Shinyanga, maji hukimbilia korongoni badala ya kuzama. Matone yamepiga udongo usio na majani hadi chembe laini zikaziba vitundu vyake. Juu hubaki gamba gumu, na mbegu iliyo chini yake hukosa maji.

Kuna gamba jingine, ambalo ni hai. Katika nchi kavu, sayanobakteria, kuvu na likeni hutanda juu ya udongo na kushikamanisha chembe za mchanga kwa utando unaonata. Upepo hupata shida kuzipeperusha, na baadhi ya viumbe hao hunasa naitrojeni ya hewani ikawa mbolea. Wakati wa kiangazi hulala. Wakilowa, huamka ndani ya dakika chache. Makadirio ni kwamba gamba la aina hii limefunika takriban asilimia 12 ya nchi kavu duniani. Si kila mbegu hulipenda, kwa kuwa likiwa nene huweza kuizuia isifike kwenye udongo. Lakini kwato zikilivunja, kupona kwake huchukua miaka.

Usukumani, iliko Shinyanga, kwato ni nyingi. Tangu miaka ya 1920 vichaka vilifyekwa ili kumfukuza mbung'o, kisha pamba na mifugo vikaongezeka. Serikali ilipoanzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, mwaka 1986, ilianza na vitalu vya miche. Mafanikio makubwa yalikuja ilipogeukia ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga malisho mvua zinapoanza na kuyafungua kiangazi kikikolea. Dagashida, yaani mkutano wa jadi wa wanakijiji, iliweka sheria; sungusungu, walinzi wa kijiji, wakazisimamia. Ngitili za hekta 600 hivi zilizojulikana mwaka 1986 zikawa zaidi ya hekta 300,000. Visiki vilivyodhaniwa vimekufa vilichipua, na mwaka 2002 mradi ukapata Tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa.

Geita inapata mvua nyingi kuliko Shinyanga, lakini huko uchimbaji mdogo wa dhahabu hupindua udongo wote: wa juu huzikwa na marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyosagwa, yenye zebaki huachwa wazi. Kupanda miche hapo ni kuanzia mwisho. Mchimbaji atenge udongo wa juu tangu siku ya kwanza, aurudishe shimo likifukiwa, kisha eneo lifungwe mifugo isiingie msimu wa mvua. Dagashida zilikwisha kuonyesha kwamba sheria ya kufunga eneo inasimamika kijijini.